Kitambulisho, Tafadhali: Soja Anabeba Lawama za Nani?

Kaa na wafanyakazi wa ofisi za Nairobi wakati wa chakula cha mchana, na hautapita muda mrefu kabla soja, yaani mlinzi wa getini, hajatajwa. Mmoja atasema amefanya kazi kwenye jengo hilo miaka na miaka, soja amemwona akiingia na kutoka, na bado asubuhi hii amemzuia mlangoni kwa sababu kadi ameisahau nyumbani. Mwingine atasema soja huyo huyo humsalimia kwa jina, humuulizia mtoto aliyekuwa na homa, kisha humwambia bila kupepesa macho, "Sasa madam, kitambulisho." Meza nzima itacheka. Kisha kicheko kitaisha na watu wataanza kulalamika kwa dhati: nimechelewa mkutano, mgeni wangu amerudishwa, mkoba wangu umechokorwa kwa kijiti kama gunia la mahindi.

Malalamiko haya yana msingi, na sitaki kuyapuuza. Lakini kwa maoni yangu, sehemu kubwa yake yanamwangukia mtu asiyestahili. Soja anayemuuliza kila mtu hana kosa. Kosa liko kwa waliompa kazi ya kuuliza, wakamnyima uwezo wa kuamua, kisha wakapanda lifti na kumwacha abishane na sisi.

Tuanze na upande wake, kwa kuwa ndio unaosikika kidogo. Jiji hili halikujifunza kukaguana kwa kupenda. Agosti 7, 1998, mlinzi Mkenya aliyekuwa kwenye geti la nyuma la ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, alikataa kuwafungulia magaidi waliofika na lori. Hakuwa na bunduki. Walinzi walijaribu kuomba msaada kwa redio na kwa simu, hawakupata mtu. Bomu lililipuka na zaidi ya watu 200 waliuawa, lakini lori halikuingia chini ya jengo. Septemba 21, 2013 likaja shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, watu 67 wakafa. Januari 15, 2019, siku ya Jumanne alasiri, watu wakiwa kazini, likaja jingine Riverside Drive kwenye majengo ya hoteli na ofisi ya DusitD2, wakafa 21. Baada ya kila tukio mashine za kukagulia chuma ziliongezeka milangoni, vioo vya kutazamia chini ya magari vikaongezeka, na soja akaongezewa maswali ya kuuliza.

Nikilifikiria lile geti la mwaka 1998 huwa najiuliza kama tumejifunza somo lake lote. Tulichukua nusu: kwamba mtu wa getini anapaswa kukataa. Nusu ya pili, kwamba anayekataa anahitaji redio inayopokelewa na mtu wa kumsikiliza, tuliiacha. Ingia leo kwenye majengo mengi ya katikati ya jiji na utamkuta soja ana mashine ya mkononi ambayo humlilia kila anayepita, kwa funguo, kwa simu, kwa chuma cha mkanda. Inalia, soja anasema "ingia tu, mkubwa," na wewe unaingia. Wengine wana mashine isiyolia kabisa kwa sababu betri ilikwisha na hakuna aliyenunua nyingine. Watu hucheka soja. Lakini betri hainunuliwi na soja.

Anayepinga ukaguzi atasema hapa: basi kama ni mchezo, uachwe. Silaha ya kweli haizuiwi na kijana mwenye kirungu, na mamia ya watu wanapoteza dakika zao kila asubuhi bure. Hoja hii ina uzito kwa habari ya ugaidi. Haina uzito kwa jambo linalotokea mara nyingi zaidi ofisini, yaani wizi wa laptopu na simu. Mwizi wa ofisini haji na panga. Huja amevaa suti, ameshika faili, anaongea na simu kwa sauti ya mtu mwenye haraka, na hupita mapokezi kwa sababu anafanana na wapangaji wa ghorofa ya saba. Mtu huyo husimamishwa na soja anayeuliza swali lile lile kwa kila mtu, hata kwa yule anayemfahamu. Siku soja atakapoanza kutumia macho na hisia kuamua nani aulizwe, suti itapita.

Na hapa ndipo mimi nina ugomvi na namna mambo yanavyokwenda, kwa sababu suti tayari inapita. Simama mlangoni nusu saa utaona. Gari kubwa lenye vioo vyeusi linapigiwa saluti na kufunguliwa geti kabla halijasimama. Mzungu aliyevaa kaptura anakaribishwa kwa tabasamu. Dereva wa boda aliyeleta mzigo, ana buti za mpira na koti la mvua, anaulizwa anatoka wapi, anaenda kwa nani, huyo anayemwendea anajua kwamba anakuja? Mama anayeletea watu chakula cha mchana, ambaye ghorofa tatu zinamsubiri kwa njaa, anaambiwa apitie mlango wa nyuma na asitumie lifti ya mbele. Katiba yetu ya 2010 inalinda utu wa kila mtu, na kifungu cha 31 kinamlinda asipekuliwe yeye wala mali yake kiholela. Haki hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wenye magari. Mimi naweza kuvumilia kuvua mkanda kila asubuhi nikijua mwenye jengo naye anauvua. Nisichoweza kuvumilia ni kumwona mama wa chapati akifunuliwa sufuria mbele ya watu huku mkurugenzi akipita na sanduku ambalo hakuna anayethubutu kuligusa.

Je, hilo ni kosa la soja? Kwa sehemu, ndiyo. Baadhi yao hufurahia kumsumbua mtu wa chini yao, na tusijifanye hatujawaona. Lakini muulize soja yeyote kilichompata mwenzake aliyelisimamisha gari la bosi. Atakuambia mwenzake alihamishiwa lindo la mbali wiki hiyo hiyo, au aliondolewa kabisa, kwa sababu simu moja kwa kampuni ya ulinzi inatosha. Kumsumbua mwenye boda hakuna gharama. Kumsumbua mwenye Prado kuna gharama. Mtu yeyote aliyewekwa mahali hapo angejifunza hesabu hiyo kabla mwezi haujaisha.

Kuna jambo lingine ambalo wafanyakazi wengi hawalifikirii mpaka liwafike. Mtu anapofukuzwa kazi, mara nyingi soja hujua kabla yake. Jina lake hupelekwa getini usiku, wakati mwingine pamoja na picha. Asubuhi anafika, anawasalimu kama kawaida, na soja ambaye jana walinunua mahamri pamoja ndiye analazimika kumwambia, "Samahani, nimeambiwa usipande." Niliwahi kuliona hilo likitokea kwenye jengo nililokuwa nikifanyia kazi. Dada aliyefukuzwa alimfokea soja maneno makali, soja akainamisha kichwa akayapokea yote, na mkuu wa wafanyakazi aliyetoa amri hakushuka hadi dada huyo alipoondoka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama nani hutoa amri getini na nani husimama mbele yake ikitekelezwa, na karibu kila mara ni watu wawili tofauti.

Sasa twende kwenye daftari la wageni, ambako siko upande wa ulinzi hata kidogo.

Kila anayeingia anaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, anakotoka, anayemwona, sababu ya kuja, saa, na sahihi. Wa kwanza asubuhi anaandika "rasmi" kwenye sababu, na walio chini yake wote hadi jioni wanachora vile vialama viwili vya kuonyesha "kama hapo juu." Daftari likiaminiwa, basi siku nzima watu wote walifika saa mbili na dakika tano kumwona mtu mmoja. Wakati wa korona iliongezwa safu ya joto la mwili, na kurasa nzima zilijaa 36.2, kwa sababu aliyetangulia aliandika hivyo na foleni ilikuwa imefika barabarani. Nimeona jina la mchezaji wa Arsenal limeandikwa kwa mwandiko safi, pamoja na sahihi yake. Tunacheka, na ni haki yetu kucheka. Lakini daftari lenye maandishi ya namna hiyo halitamsaidia mpelelezi yeyote siku ya tukio.

Wakati huo huo, walioandika ukweli wameacha namba zao wazi kwa kila atakayegeuza ukurasa. Wanawake wanalijua hili vizuri kuliko wanaume. Unafika kwenye usaili wa kazi, unaandika namba yako, na jioni unapata ujumbe kutoka kwa mtu usiyemjua akisema umependeza leo. Si lazima awe soja. Huenda ni mgeni aliyeandika mstari wa chini yako.

Sheria ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi ya mwaka 2016, kifungu cha 48, inampa mlinzi ruhusa ya kukutaka ujitambulishe, uandike saa ya kuingia na kutoka, na hata abaki na kitambulisho chako kwa muda. Wengi hudhani soja amejitungia haya. Hakujitungia. Lakini sheria hiyo hiyo inasema taarifa zilizochukuliwa ni za kukutambua na kuzuia uhalifu tu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu achukue zile anazozihitaji, kisha azitunze. Daftari lililofunguliwa juu ya meza ya mbao halitunzi chochote.

Katika sheria ya 2016, kubaki na kitambulisho pia ni ruhusa, si lazima, na ni ruhusa ambayo majengo yangeiacha bila kupoteza usalama wowote. Unapewa kadi ya plastiki yenye namba, kitambulisho chako kinaingia kwenye droo, unamaliza shughuli na kutoka kwa mlango mwingine. Unakumbuka ukiwa Githurai, mbele ya wakala wa M-Pesa anayekitaka kitambulisho ili akupe pesa yako. Unarudi mjini usiku, na soja wa zamu ya usiku anakuambia kwa upole kwamba droo imefungwa na ufunguo ameondoka nao wa mchana. Kama lengo ni kujua nani ameingia, kukitazama kulitosha.

Inabaki habari ya mshahara, na bila hiyo mjadala wote unaelea. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mlinzi wa mchana jijini Nairobi kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Mwishoni mwa 2023, Mamlaka ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi iliagiza walinzi wa Nairobi na viunga vyake walipwe Sh30,000, na zaidi ya Sh8,000 kati ya hizo zilikuwa za saa za ziada, kwa sababu zamu ya saa 12 ndiyo desturi ya kazi hii. Kampuni zikapinga, suala likaenda mahakamani. Kampuni nazo zina hoja: mteja anachagua bei ya chini, na atakayepandisha peke yake atapoteza kandarasi. Naikubali hesabu hiyo. Nisichokubali ni kumtaka mtu anayelipwa hivyo, anayesimama tangu saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, mara nyingi bila kiti, awe na ukarimu wa hoteli, jicho la mpelelezi na busara ya hakimu. Na akiniomba chochote jioni kwa kuniuliza, "Mkubwa, leo umetukumbukaje?" mimi huona swali hilo limeelekezwa kwa jengo zima kupitia kwangu.

Wapo watakaosema mambo haya yataondoka na mageti ya alama za vidole na kamera. Majengo mapya ya Westlands na Upper Hill yanayo, na asubuhi huenda kwa kasi kweli. Lakini mashine haimsindikizi mwanamke aliyemaliza kazi saa nne usiku hadi teksi ifike. Haijui kwamba yule mhasibu anayelala ofisini siku ya tatu hana shida ya kazi, ana shida nyumbani. Soja huyajua haya, na mara nyingi huyatunza asiyaseme.

Fedha za kumlipa hutoka kwenye ada ya huduma tunayolipa sisi wapangaji pamoja na kodi. Kwa hiyo kikao cha wapangaji na msimamizi wa jengo ndicho mahali pa kupeleka hasira zetu, na kuna mambo mahususi ya kudai huko: tuonyeshwe katika mkataba kiasi anachopata mlinzi mwenyewe kati ya kile kinachoenda kwa kampuni, daftari liondolewe mezani, kila mgeni aandike kwenye karatasi yake itumbukizwe kisandukuni, vitambulisho vitazamwe na kurudishwa hapo hapo, mashine zipatiwe betri, kuwe na kiti, na kuwe na waraka uliotiwa sahihi na msimamizi, ubandikwe ukutani, unaosema kila anayeingia anakaguliwa, mwenye jengo akiwamo, na kwamba hakuna mlinzi atakayehamishwa kwa kumsimamisha mtu yeyote. Hilo la mwisho halina gharama hata ya shilingi moja, na nadhani ndilo litakalopingwa zaidi.