Zabibu moja na mlango uliofungwa

Mwezi uliopita tulikusanywa wahadhiri kama arobaini ukumbini, kila mtu akapewa zabibu kavu moja kwenye tishu. Moja. Mwezeshaji, dada mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, akatuambia tuitazame, tuinuse, kisha tuiweke ulimini bila kuitafuna. Profesa mmoja wa siku nyingi aliyekaa kulia kwangu alikuwa keshaimeza ya kwake na anaulizia kama zimebaki. Mada: utulivu wa akili na huruma katika ufundishaji wa chuo kikuu.

Sina ugomvi na zabibu. Kilichonichoma ni tulipotoka. Koridoni walikuwa wamejipanga wanafunzi wa mwaka wa tatu, mapendekezo ya utafiti mkononi, wanasubiri saini tangu asubuhi, na mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa. Mmoja kakaa sakafuni, mgongo ukutani, kasinzia. Mwenzetu mmoja, ambaye dakika kumi nyuma alikuwa anajifuta machozi kwenye zoezi la kumtakia heri jirani yako, akairuka miguu ya yule kijana na kusema bila kusimama, "Leo sioni mtu." Mlango, pwaa!

Haya, na mimi nikiri: mambo haya yanasaidia. Siku hizi nakaa dakika mbili kimya kabla ya kuingia darasani, na kweli nafoka kidogo kuliko zamani. Basi, nimekiri. Lakini Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha programu hiyo ya zabibu mwaka 1979 kwenye kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, akichota kwa Wabudha, aliwapa wagonjwa wenye maumivu sugu wiki 8 na mazoezi ya kufanya nyumbani. Sisi tulipewa saa mbili, soda na cheti.

Mwezeshaji alihangaika pia kutafuta neno la Kiswahili la "mindfulness". Akajaribu "uzingativu", akajaribu "umakinifu", mwishowe akarudi kwenye Kiingereza. Nilitamani kumwambia kwamba wanaoswali wanalo: khushui. Unaweza kuinama na kuinuka rakaa zote nne na moyo uko Kariakoo unapatana bei ya kitenge. Khushui ni moyo kuwa pale pale mwili ulipo. Bibi yangu alikuwa akiniona naharakisha ili nikacheze mpira, ananiambia nimeswali swala ya kuku, kudonoa donoa tu. Na mihadhara yetu mingi ndiyo hiyo hiyo ya kuku: slaidi sitini, "kuna swali?", hakuna, tuonane wiki ijayo.

Neno lenye kesi kubwa zaidi ni huruma. Litamke kwenye kikao cha idara uone. Watu wanasikia maksi za bure. Na siwalaumu sana, maana wanafunzi nao ni wale wale wa "mwalimu nihurumie" wiki moja baada ya matokeo, na ninaye mmoja ambaye bibi yake amefariki mara tatu, zote wiki ya test. Lakini upande wa pili tuna watu wanaotamba kwa idadi ya waliodisko, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli, kwenye kozi yao kama mvuvi anavyotamba na changu aliyemvua. A ni ya Mungu, B ni ya mwalimu, C ndiyo ya mwanafunzi: tunaicheka, halafu tunaiendesha kama sheria. Seremala akitengeneza viti mia, kisha hamsini kati ya hivyo vikavunjika, hatumpandishi cheo kwa kuwa na viwango vya juu.

Sasa nisijifanye malaika. Mlango ninaousema kuliko yote ni wangu mwenyewe.

Masika iliyopita nilikuwa na kipindi cha saa moja asubuhi, na kanuni yangu ilikuwa inajulikana hadi kwa wapishi wa kantini: saa moja na dakika kumi nageuza ufunguo. Siku hiyo mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Jangwani kumejaa maji, barabara imefungwa, mabasi ya mwendokasi hayapiti. Mimi naishi upande wa huku, nilifika na shati kavu. Nikafunga mlango, nikaanza.

Katikati ya mhadhara nikamwona binti kwa nje, kwenye luva. Viatu kavishika mkono wa kushoto, sketi imelowa hadi magotini, daftari kaliegemeza ukutani, anaandika kwa mkono wa kulia ninachokisema ndani. Kila nikigeukia ubaoni anajinyoosha kuchungulia. Nilimwona vizuri kabisa. Nilihesabu hata vidole vya matope kwenye miguu yake. Kama ni utulivu wa akili, kama ni kuwepo mahali ulipo bila mawazo kutangatanga, siku ile nilikuwa nao wa kugawia jirani. Nikaendelea kufundisha dakika arobaini na tano.

Nilipofungua, akaniamkia: "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia, nikamwambia ajifunze kudamka. Akasema, "Sawa mwalimu." Ni CR, mwakilishi wa darasa, aliyenieleza baadaye kwamba alitoka Mbagala saa kumi usiku, bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa halijatoka, na sehemu kubwa ya njia alikuja kwa mguu.

Kwa hiyo mtu akinifundisha kutazama, namwambia kutazama najua. Binti yule hakuhitaji maksi. Sikuombwa hata nusu maksi. Alihitaji nigeuze ufunguo, kazi ya sekunde mbili, na mtihani wangu ungebaki mgumu vile vile.

(Na wakubwa wetu nao wasikie: darasa lile lina watu 480. Nikisahihisha kila skripti kwa dakika 10 ni saa 80. Leteni wasaidizi kabla ya zabibu.)

Siku hizi sifungi. Anayechelewa anaingia kwa mlango wa nyuma, anakaa, hasalimii mtu. Wachelewaji hawajaongezeka. Hawajapungua pia, kusema kweli, na mwenzangu wa "leo sioni mtu" ananiambia nimelegea.

Wiki jana tumeletewa fomu ya tathmini ya mafunzo. Swali la nne: "Utabadilisha nini katika ufundishaji wako?" Wamewacha mistari sita. Nimeandika kwamba luva za upande wa korido zina vumbi, anayesimama nje haoni ubao, na kwamba kwa muhula mzima nilidhani kazi ya kuzifuta ni ya mhudumu.