Kasha la Gitaa Litengenezwe Kuanzia Ndani

Mwezi uliopita nilipokea kutoka kwenye buti la basi kasha gumu la gitaa ambalo asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimelikabidhi likiwa zima. Safari ya kutoka Tanga hadi Dodoma ilikuwa imetosha kulipasua ubavu mmoja, kung'oa bawaba moja kati ya tatu na kuliacha komeo moja likining'inia kwenye ribiti yake ya mwisho, kwa sababu magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa juu yake. Gitaa lenyewe lilitoka bila mkwaruzo. Wenzangu tunaopiga nao kanisani waliliangalia kasha wakanipa mashauri ya aina mbili: nilitupe nitafute jingine, au nilizungushie utepe mpana mweusi liendelee na kazi. Nilichagua kulitengeneza mwenyewe nyumbani kwa jioni nne, nami naandika kwa kuwa naamini mashauri yote mawili yametokana na kutojua kasha linafanya kazi gani.

Wengi hudhani kasha gumu ni la kuzuia mikwaruzo, jambo ambalo hata begi la kitambaa lenye sponji hulifanya vizuri. Kasha gumu lina kazi mbili ambazo begi haliziwezi. Kwanza hupokea uzito wa nje na kuuzungusha kwenye kuta zake, usifike kwenye mbao nyembamba za gitaa. Pili hulishika gitaa kwa kiwiliwili na kwa shingo, ili kichwa kikae hewani bila kugusa popote, na hili la pili ndilo linalosahaulika. Katika magitaa ambayo kichwa chake kimelazwa nyuma, kama Les Paul ya kampuni ya Gibson, pale shingo inapokutana na kichwa ubao ni mwembamba, nyuzinyuzi zake zimekatizwa na ule mlazo, na ndani yake umechimbwa mfereji wa fimbo ya chuma inayonyoosha shingo. Kasha likianguka chali huku kichwa kimelala juu ya sakafu yake, pigo hupitia hapo, na shingo inaweza kuvunjika hata kama nje ya kasha hakuna alama yoyote. Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba kasha lenye ngozi safi na sponji iliyolala ni hatari kuliko kasha lenye makovu ambalo ndani yake bado limesimama imara.

Nilianzia huko ndani, kabla ya kugusa ufa. Nililaza gitaa, nikapitisha karatasi chini ya kichwa na kuivuta, ikakwama. Sponji ya kitegemeo cha shingo ilikuwa imekandamizwa na miaka, wala si na magunia, maana yake nilikuwa nimesafiri muda mrefu na ulinzi ambao haukuwapo. Niliibandua mahameli taratibu kwa kisu butu, nikaweka chini yake kipande cha plaiwudi na juu yake sponji ngumu niliyoipata kwa fundi wa makochi, kisha nikairudisha mahameli ileile. Baada ya hapo nilipaka chaki juu ya daraja la gitaa, nikafunga kifuniko na kukikandamiza kwa viganja. Nilipofungua hapakuwa na alama ya chaki kwenye kifuniko, maana yake kifuniko hakiligusi daraja. Vipimo hivi viwili huchukua dakika tano, na ningependa kila mwenye kasha avifanye leo, hata kama kasha lake halijapata ajali.

Ufa wenyewe ulikuwa rahisi kuliko ulivyoonekana. Kasha langu ni la plaiwudi nyembamba iliyopindwa kufuata umbo la gitaa na kuvikwa ngozi ya bandia, na plaiwudi ikipigwa mara nyingi haikatiki moja kwa moja, bali tabaka zake huachana. Nilinunua sindano kwenye duka la dawa, nikaingiza gundi nyeupe ya mbao katikati ya tabaka hadi ikatokeza upande wa pili, nikaweka vibao viwili nje na ndani huku nikitenganisha kila kibao na gundi kwa kipande cha nailoni, kisha nikazungusha mpira wa tyubu ya baiskeli kwa nguvu zangu zote. Mpira ule hubana sawasawa kwenye pembe za mviringo, mahali ambapo klampu ya seremala huteleza. Niliuacha saa 24. Palipokuwa na tundu nilibandika kwa ndani kiraka cha plaiwudi ya milimita 3 kinachovuka kingo za tundu kwa sentimita 5 kila upande. Ngozi ya bandia niliirudisha mwisho kabisa.

Bawaba ndiyo iliyonitesa. Kosa la kawaida ni kuirudisha kwa skrubu za mbao: ukuta wa kasha ni mwembamba mno, skrubu haina mahali pa kuuma, na ncha yake hutokeza ndani ikilielekea gitaa. Nilitoboa mabaki ya ribiti kwa drili, nikafunga kasha kwa makomeo yaliyobaki ili kifuniko kikae mahali pake, na ndipo nilipoweka alama ya matundu. Ukiweka alama kasha likiwa wazi, kifuniko kitapinda na makomeo yatadai nguvu kila siku hadi nayo yang'oke. Nilitumia boliti za milimita 4 zenye kichwa bapa upande wa ndani, washa pana ya kutawanya mvuto, na nati yenye plastiki ambayo hailegei kwa mtikisiko wa barabara. Juu ya vichwa vya boliti nilibandika mahameli. Ribiti za kufyatua nazo zinafaa, mradi ziwekewe washa kwa nyuma, la sivyo huchomoka pamoja na kipande cha ukuta.

Mshikio sikuugusa. Kasha pamoja na gitaa zito vinakaribia kilo 9, uzito unaobembea kwa kila hatua, na mshono wa kuubeba uzito huo unahitaji mkono uliouzoea. Fundi viatu wa mtaani kwetu aliutazama mara moja akaniambia, "Mwanangu, huu haukukatika, huu uliliwa na kutu ya pete," akabadilisha pete na kuushona upya kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Kutengeneza nyumbani hakumaanishi kumnyima fundi kazi anayoijua kuliko wewe.

Makasha ya plastiki yana kanuni zake. Mengi ni ya plastiki iitwayo ABS, na tone la asetoni, kiyeyusho kikali cha kuondolea rangi, mahali pasipoonekana litakuthibitishia, kwa kuwa ABS hulainika na kunata. Plastiki hiyo unaweza kuiunga kwa uji wa vipande vyake vyenyewe vilivyoyeyushwa katika asetoni, baada ya kutoboa kitundu kidogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia. Isipolainika, huenda ni polipropilini au polithini, ambazo hazikamatwi na gundi za kawaida; hapo dawa ni bamba jembamba na ribiti. Nyufa zikizunguka ukingo wa alumini ambao kifuniko kinakaa juu yake, mimi ningeliacha kasha lipumzike, kwani ukingo ukipoteza umbo hakuna kiraka kitakachourudisha. Vilevile nisingethubutu kulishika kwa gundi na drili kasha la kahawia lenye bitana ya waridi ambalo kampuni ya Lifton iliwatengenezea Gibson katika miaka ya 1950, kwa kuwa wakusanyaji hulithamini likiwa na vipuri vyake vya asili, makovu yakiwamo.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo, nalo ni subira baada ya kazi. Mahameli na ngozi ya bandia nilizibandika kwa gundi ya viatu, ile inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kidogo kabla ya kugandamizwa, na mvuke wake ukifungiwa ndani ya kasha unaweza kulainisha rangi ya gitaa, hasa ile ya nitroselulosi. Asetoni huiyeyusha kabisa. Kasha langu limekaa wazi dirishani kwa siku ya tano sasa, na nikiinama karibu na kitegemeo cha shingo bado naisikia harufu, kwa hiyo usiku wa leo pia gitaa litalala kwenye begi la kitambaa, juu ya kabati, mbali na mkono wa mtoto.