Saa za kazi waachiwe halmashauri

Mkuu mpya wa wilaya akishaapishwa, ziara ya kushtukiza haikawii. Saa 1:30 asubuhi yuko mlangoni mwa ofisi ya halmashauri na waandishi wa habari, anaomba daftari la mahudhurio, anapiga mstari mwekundu, na kila anayeingia baada ya hapo anajieleza mbele ya kamera. Mitandaoni watu wanashangilia. Mimi nimechoka kushangilia.

Tumeshaona hili linafika wapi. Februari 2009 huko Bukoba, Mkuu wa Wilaya Albert Mnali aliagiza walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa uchelewaji, utoro na kutofundisha inavyotakiwa. Polisi ndiye aliyeshika fimbo. Rais Kikwete alimfukuza kazi mkuu huyo wa wilaya, na alifanya vyema. Lakini mwaka 2015 Kinondoni, maofisa ardhi waliochelewa kikao waliwekwa mahabusu kwa saa kadhaa kwa amri ya mkuu wa wilaya. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumweka mtu ndani hadi saa 48, ila kwa ajili ya jinai na uvunjifu wa amani. Kuchelewa kazini ni kosa la nidhamu. Mtumishi anaandikiwa mashtaka, anapewa nafasi ya kujitetea, na anayemshughulikia ni mamlaka yake ya nidhamu. Mkuu wa wilaya hayumo humo.

Sasa turudi kwenye lile daftari. Lifungue siku yoyote ya kawaida, isiyo na ziara: jina la kwanza saa 1:20, la pili 1:20, la tatu 1:20, mpaka chini ya ukurasa, kalamu moja. Ofisini koti limetundikwa kwenye kiti na mwananchi aliyekuja na bodaboda kutoka kijijini anaambiwa afisa katoka kidogo. Kero hiyo ni ya kweli na inaniuma. Lakini mstari mwekundu unapima mtu kaingia saa ngapi, hauulizi kama saa hiyo ina faida kwa anayehudumiwa.

Chukua mialo ya Ziwa Victoria, yaani sehemu za ufukweni ambako mitumbwi hushusha samaki. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wanapumzika. Mitumbwi inarudi alfajiri, mzigo unashushwa, wanunuzi wanapatana bei. Afisa uvuvi anayefuata ratiba ya saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri anaweza kufika mwaloni akakuta biashara kubwa imeshaisha, na mahudhurio yake ni safi kabisa. Kwa nini saa zake zisifuate giza la mwezi? Vivyo hivyo siku ya gulio, ambapo mtendaji wa kata angefaa kuwa na muhuri wake mpaka jioni, kisha afidiwe siku nyingine.

Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kutoka Dodoma. Diwani wa kata ya mwaloni anaujua, wavuvi wanaujua, afisa mwenyewe anaujua. Sera ya maboresho ya serikali za mitaa ya 1998 iliahidi kwamba halmashauri zitaajiri na kusimamia watumishi wake, halafu Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 na mabadiliko yake yakarudisha sehemu kubwa ya ajira mikononi mwa serikali kuu. Diwani amebaki kulalamika barazani juu ya mtumishi ambaye hakumwajiri wala hawezi kumpangia zamu.

Ninachotaka ni hiki: saa 40 za wiki zibaki kama zilivyo, ila baraza la madiwani lipewe uwezo wa kisheria kuzipanga kwa kada na kwa eneo, baada ya kukaa na TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na watumishi wenyewe, na ratiba ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji. Halmashauri ikipewa mamlaka hayo ibebe na mzigo wake. Mwalimu anayepanga chumba mjini kwa sababu shule haina nyumba atachelewa kila mvua inaponyesha, hata umpangie saa ngapi, na nyumba hiyo ni bajeti ya halmashauri hiyohiyo. Madiwani wakianza kuulizwa kuhusu nyumba na ratiba kwa pamoja, tutajua haraka nani mtoro na nani amekwamishwa.