Usiilaumu programu kabla hujafuata waya

Mashine yangu ya kuchonga, niliyoigeuza kutoka ya mkono kuwa CNC (inayoongozwa na kompyuta), ilikuwa na kisirani chake. Spindo, yaani mota inayozungusha kisu, ikiwa imezimwa, inatembea vizuri kutwa nzima. Iwashe tu: sekunde chache, inagoma na kudai imegonga swichi ya kikomo, ile ya ukingoni inayoisimamisha. Na iko katikati ya meza!

Karibu kila fundi niliyemuuliza alisema niongeze muda wa kuchuja kwenye programu, ili ipuuze ishara fupi za swichi. Sikubaliani nao. Huko ni kuziba masikio. Kelele za umeme bado zinapita. Kesho zitaingia kwenye waya wa hatua, unaoiamuru mota isogee, mota ipige hatua isiyoagizwa, na kazi iharibike bila onyo.

Nilichomoa nyaya za swichi kwenye bodi inayoongoza mashine, nikaziba pini kwa rizista yenye miguu mifupi, nikawasha spindo. Kimya. Basi mwizi alikuwa anapitia kwenye nyaya zile zile. Nilipofungua sanduku nikaona aibu yangu: nyaya nyembamba za swichi nilikuwa nimezifunga bunda moja na kebo ya spindo, karibu sentimita 80, kwa sababu zilipendeza. Inveta, kifaa kinachoendesha spindo, hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato ni mruko mkali wa volti. Waya wa jirani huudaka. Wangu wa swichi ulikuwa wa volti 5, ukishikiliwa na rizista ya ndani ya bodi tu, kiloomu 20 hadi 50. Hauhitaji kusukumwa sana ndipo uyumbe.

Nikazitenganisha, zinapolazimika kukutana, zinakatizana kwa pembe mraba. Kebo ya swichi nikaiweka yenye wavu wa chuma, wavu ukaungwa ethi upande wa bodi peke yake. Halafu nikabadili swichi ziwe zile zinazopitisha umeme muda wote na kuukata zikiguswa. Hilo ndilo ninalolisifia zaidi.

Wapo wanaokata waya wa ethi wa inveta ili kelele zipungue. Huo ni wazimu; mwili wa chuma wa mashine ukishika umeme, anayekufa ni wewe.

Juzi mashine ikagoma tena, spindo ikiwa imezimwa. Nikapima kwa mita: waya wa swichi ya mhimili wa Y ulikuwa umekatika ndani ya mnyororo unaobeba kebo, na kwa swichi hizi mpya waya uliokatika husomeka kama swichi iliyoguswa. Kwa swichi za zamani nisingejua mpaka ijibamize ukingoni.