Wimbo wa Mama Mkwe

Jumamosi iliyopita mama mkwe alinipigia kutoka Kasulu kunipa taarifa ya msiba, na kabla sijamaliza shikamoo akaniuliza, kwa ule upole wake unaotisha, kama nyumbani kwangu kuna sherehe. Nilimjibu kwamba hapana, mama, tupo tu. Akasema kwamba kila anaponipigia hukutana kwanza na kijana anayelia kuwa bila huyo mpenzi wake hali wala halali, na kwamba safari hii, kwa kuwa nilichelewa kupokea, amemsikiliza mpaka kiitikio cha pili huku amejifunga kanga ya msiba. Hapo ndipo nilipong'amua ni wapi zinakokwenda zile shilingi zinazotoweka kwenye salio langu kila alfajiri.

Naomba ieleweke kwamba mimi ni fundi muashi mwenye miaka 54 na sijapata kumwomba mtu muziki. Mlio ninaousikia mimi ni uleule simu iliotoka nao dukani. Huo mwingine anausikia anayenipigia, nami ndiye ninayeulipia, sawasawa na kuwekewa mlangoni tarishi ambaye sikumwajiri, akawaimbia wakwe zangu mambo ya mapenzi, kisha usiku akaingia ndani kuchukua ujira wake mfukoni mwangu.

Nikapiga huduma kwa wateja ya kampuni yangu ya simu. Sauti ya binti ikanishukuru kwa kuwa mteja wa thamani, ikanitajia vifurushi vipya, ikaniamuru nibonyeze 1, kisha 4, kisha ikanirudisha kwenye shukrani.

Jumatatu, basi, nilivaa shati la mikono mirefu, lile la vikao vya posa, nikaenda dukani kwao Mwanga, hapa Kigoma, nikapewa kikaratasi cha foleni na kukaa chini ya feni isiyozunguka. Zamu yangu ilipofika, kijana wa mezani aliniamkia vizuri, akaitazama kompyuta yake, akatikisa kichwa kama daktari.

"Baba, huduma hii uliiomba mwenyewe. Tarehe 9, saa 8 na dakika 14 usiku."

"Mwanangu, saa hiyo nilikuwa nimelala."

"Basi huenda uliilalia simu, ukabonyeza kwa shavu."

Nilinyamaza kidogo ili niipe kauli hiyo heshima yake. Mimi nilipooa nilituma mshenga, nikakalishwa vikao vitatu na kulipa mahari kwa awamu, ilhali shavu langu limefunga mkataba peke yake gizani, bila shahidi, na mkataba huo unajihuisha kila siku. Nikamwomba auvunje. Akasema yeye hana mamlaka hayo, ila nitume neno ONDOA kwenye namba aliyoniandikia nyuma ya kikaratasi cha foleni. Nikatuma. Simu ikanijibu kwamba salio halitoshi. Kumbe ujumbe wa kukataa kutozwa nao unatozwa.

Nikatoka, nikanunua vocha ya 1,000 kwenye kibanda cha jirani, nikaingiza tarakimu zote kwa kidole kimoja, na papo hapo nikapokea shukrani kwa kulipa deni langu. Ni kweli, Alhamisi nilikuwa nimekopa salio la 1,000, nikapewa 850, lakini sikujua kwamba mdai wangu amejificha ndani ya simu akisubiri vocha. Nikanunua nyingine ya 500, nikatuma neno, nikarudi ndani nikiwa nimenyoosha mgongo. Jibu likaja: "Samahani, neno ulilotuma si sahihi." Kijana akaichukua simu, akaichunguza, akanionyesha kosa. Nilikuwa nimeweka nukta mwishoni, kama nilivyofundishwa darasa la tatu.

Basi nikasema kwa sauti ambayo haikulingana na shati langu kwamba nimechoka. Nimechoka na bando la saa 24 linalokufa likiwa na MB ambazo sijazigusa. Mteja wangu akinunua mifuko kumi ya saruji na kubakiwa na miwili, muuzaji hamfuati usiku wa manane kuibeba kwa hoja kwamba muda wake umekwisha. Aprili 2021 vifurushi vilipobadilishwa, nchi nzima ilipiga kelele mpaka vikarudishwa vya zamani. Julai mwaka uleule ikaja tozo ya miamala ya simu, tukapiga kelele tena. Sasa nimebaki kupiga kelele peke yangu, dukani, mbele ya feni mbovu. Kijana akaniambia kwa adabu kwamba kwenye kila vocha kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 na ushuru wa bidhaa juu yake, na kwamba kama sijaridhika, mteja ana uhuru wa kuchagua.

Uhuru huo ninaufahamu. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake ileile. Nikavuka barabara kwenda kwa washindani wao, nikatoa kitambulisho, nikaambiwa niweke kidole. Nikaweka cha shahada, mashine ikakataa. Nikaweka gumba, nikalipangusa kwenye suruali, binti akalipaka mafuta ya mgando, mashine ikakataa. Miaka thelathini ya saruji imenifutia alama, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipokuwa zinazimwa niliponea kwenye kidole kidogo cha kushoto, ambacho tangu hapo nimekivunja kazini. Halafu hata ningehama, kwa mama mkwe unashika mtandao mmoja tu, tena mpaka upande kwenye kichuguu. Ni upi, mnaweza kukisia.

Ilibaki rambirambi. Shemeji alikuwa ameniandikia nitume 30,000 "na ya kutolea", kwa hiyo nilipe ya kutuma kwa upande wangu na ya kutolea kwa upande wao, halafu wakala wa kwao awaambie hana floti, yaani fedha ya kuwapa. Nikaamua kurudi kwenye njia ya wazee. Nikaitia fedha ndani ya bahasha, nikaandika jina kwa herufi kubwa, nikaenda stendi na kumkabidhi konda wa basi la Kasulu, ambaye zamani angebeba kwa soda moja. Akasema mzigo wa bahasha ni 2,000. Nikampa noti ya 10,000. Akapapasa mifuko yote miwili, akachungulia hadi chini ya kiti cha dereva.

"Mzee, chenji sina. Nirushie tu kwenye simu," akasema, basi likiwa limeshawashwa, "na ya kutolea."