Fremu au jiko la nyumbani? Hesabu ya vitafunio mjini Tanga

Anayetaka kuanza biashara ndogo ya chakula Tanga hupewa ushauri wa aina mbili. Wapo wanaosema tafuta fremu kwanza, yaani chumba cha biashara cha kupanga, kwa sababu chakula kisichoonekana hakiuziki. Wengine wanasema pika nyumbani, sambaza madukani na maofisini, fremu itafuata. Pande zote mbili zina hoja, ila wengi hubishana bila kushika kalamu.

Pango la fremu hulipwa kwa mkupuo, mara nyingi miezi sita au mwaka mzima. Penye biashara nzuri kuna kilemba, yaani pesa ya kuachiwa nafasi mbali na pango, na dalali naye ana chake. Tuchukulie pango ni shilingi 150,000 kwa mwezi na unafungua siku 26: hiyo ni karibu 5,800 kwa siku. Kama sambusa moja inakuachia 200 baada ya kutoa nyama, manda, mafuta na mkaa, basi sambusa 29 za kila siku ni za mwenye nyumba. Msaidizi na umeme bado. Ramadhani ikiingia, mchana mzima hakuna mlaji, lakini pango linahesabika vilevile.

Jiko la nyumbani halina mzigo huo, na Ramadhani kwake ndiyo mavuno: oda za sambusa, kachori, vitumbua na mkate wa kumimina kwa ajili ya futari. Linapoumia ni kwenye mali kauli, yaani kuacha bidhaa dukani ulipwe zikishauzwa. Unaacha sambusa 60 dukani asubuhi, jioni zimeuzwa 41, 19 unarudishiwa zimepoa na kulegea, na pesa unaambiwa kesho. Maduka sita ya namna hiyo yanamaliza mtaji ndani ya wiki chache huku ukijiona una soko kubwa. Afadhali maduka mawili yanayolipa taslimu, na daftari lenye safu tatu: zilizopelekwa, zilizouzwa, zilizorudi.

Hasara nyingine iko mkononi mwa mpishi mwenyewe, uwe fremuni au nyumbani. Kilo moja ya nyama ya kusaga ikishakaushwa jikoni hubaki kama gramu 700. Ongeza gramu 400 za kitunguu kilichokatwa, kikatiwa chumvi kidogo na kukamuliwa, upate kilo moja na gramu 100. Kwa gramu 25 kila moja, zinatoka sambusa 44. Kijiko kikijaa mpaka gramu 30, zinatoka 36. Nane zimepotea kwa kila kilo, na hakuna aliyeiba. Mizani ndogo ya jikoni inunuliwe kabla ya bango. Kitunguu kisipokamuliwa hutoa maji, manda hulowa na kupasukia kwenye mafuta. Na mafuta yasipopata moto vizuri, sambusa huyanywa.

Usalama wa chakula nao unaamua uuze nini. Vitafunio vikavu vinavumilia safari. Mbaazi za nazi huchacha upesi kwa joto la pwani. Wali ulioachwa sufuriani tangu mchana huzalisha bakteria ambao sumu yao haitoki hata ukiupasha tena. Jodari na vibua wasiowekwa barafu mapema hujenga histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na kukaanga hakuiondoi; kwa hiyo anayenunua samaki kwenye soko la Deep Sea aende na barafu yake. Vyakula hivi vinahitaji friji na kuliwa palepale, na hapo ndipo fremu inapojitetea kwa haki.

Kwenye sheria, anayepikia nyumbani asijidanganye kwamba hahusiki. TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya halmashauri na kupimwa afya vinamhusu, na tangu 2019 usajili wa majengo ya chakula uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Kwa maoni yetu, anayeuza wali, mbaazi au supu ya pweza atafute fremu. Wa sambusa na kachori abaki nyumbani mpaka daftari la miezi mitatu lionyeshe kwamba faida ya taslimu inalipa pango mara mbili. Na kabla ya kulipa, iwe Ngamiani au karibu na stendi ya Kange, asimame mbele ya fremu hiyo saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, ahesabu wanaosimama kununua chakula jirani, siyo wanaopita mbio kuwahi daladala.