Kompyuta Iliyovalishwa Kiti cha Bodaboda

Kompyuta yangu niliiungaunga kama mboga za mwisho wa mwezi: kidogo cha sokoni, kidogo cha jirani, kingine kilichobaki jana. Prosesa, yaani ubongo wake, ni i5 ya mwaka 2012, mtumba wa Uingereza uliowahi kufanya kazi ofisini. Memori ni mbili, hazifanani hata rangi. Pawa saplai, kile kisanduku cha bati kinachoigawia kompyuta umeme, nilipewa na binamu yangu, naye alipewa na mtu ambaye hadi leo hataki kumtaja. Ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Kosa langu ni kwamba visenti vilivyobaki nilivimalizia kwenye kasha lenye ubavu wa kioo.

Kioo nacho kazi yake ni kuonyesha. Waya za pawa saplai zina rangi zake: ya njano hubeba volti 12, nyekundu volti 5, ya machungwa volti 3.3, na nyeusi ndizo za kurudishia umeme. Ni mpango mzuri kwa fundi anayetaka kujua ashike wapi. Ila ukiziweka nyuma ya kioo, zinafanana na matumbo ya mbuzi kwenye beseni. Binamu alichungulia, akanitazama kwa huruma.

“Omera, huyu alipasuliwa wakasahau kumshona?”

Kumshona. Neno hilo ndilo lililoniponza.

Jumapili, siku ambayo soko la Kibuye, hapa Kisumu, hufurika hadi barabarani, nilimfuata mzee mmoja anayeshona viti vya bodaboda. Kazi yake naijua. Nusu ya pikipiki za mtaani kwetu zimekalia mkono wake. Kibao chake kimeandikwa kwa chaki: VITI VYA PIKIPIKI, SOFA, TUKTUK. Nilimtolea pawa saplai kwenye mfuko, akaigeuzageuza.

“Hii ni ya mtu mmoja au inabeba abiria?”

Nikamweleza kwamba ni ya kompyuta, nataka ivae ngozi bandia nyeusi na mshono mwekundu. Nilikuwa nimemchorea hata karatasi: upana milimita 150, urefu 140, kimo 86, vipimo vya kawaida vya pawa saplai za ATX, aina inayotumika kwenye kompyuta nyingi za mezani. Juu nikachora duara la sentimita 12, mahali pa feni. Hapo ndipo nilipojikaanga mwenyewe. Badala ya kumwambia “hapa pana feni, toboa”, nilijifanya mtaalamu wa maneno machache: “Mzee, hapa kwenye duara fanya kazi safi.”

“Usijali, kijana wangu.”

Alikata, akapima, akashona. Nilikuwa nimeinama kwenye simu niliposikia kishindo cha kuweka kitu mezani. Kuinua macho, mzee ameinua stepla yake ya mbao, ile kubwa ya kubania viti, mdomo wake uko juu ya bati la pawa saplai. Nilimrukia kama kipa. Ndani ya kile kibati mna kapasita zinazoweza kutunza umeme hata baada ya kuchomolewa, sembuse kupigwa pini. Mzee hakunielewa, lakini aliona jasho langu, akakubali kutumia lastiki na gundi ya viatu.

Aliponikabidhi, sikuwa na la kusema. Kona zilikuwa zimekaa sawasawa, mshono mwekundu umenyooka kama reli, chini yake ameweka sponji ya sentimita mbili “isikuumize”. Na pale kwenye duara, kwa uzi wa fedha, alikuwa ametarizi samaki. Ngege mzima, mapezi juu, jicho linang’aa. Nilijua feni imezibwa. Nilijua kabisa. Lakini nani angemgusa yule samaki kwa mkasi? Nikajiambia hewa itatafuta njia yake.

Nyumbani nilifungua kioo nikakilaza juu ya godoro, kwa sababu kioo kilichokaangwa kiwandani kikigonga kona kwenye vigae husambaratika kikawa punje kama chumvi ya mawe. Kwa hilo nilikuwa mwangalifu sana. Nikarudisha pawa saplai chini ya kasha, samaki akitazama juu, feni yake ikivuta sponji. Nikawasha taa nyekundu. Nikampigia binamu.

Ilikuwa Februari, saa nane mchana, nyumba ya mabati. Tulianza mchezo wa kandanda. Nilikuwa naongoza 3–1 harufu ilipoanza.

“Kuna mtu anabandika soli?” binamu akauliza.

Nje, mama mwenye nyumba akapaza sauti: “Nani anachoma tairi kwa ploti yangu?”

Skrini ikazima. Binamu akashangilia kama amefunga. Mimi, kama Mkenya yeyote aliyelelewa vizuri, nikasema, “Stima imepotea,” nikatoa simu nikanunua tokeni za shilingi 200. Namba zote 20 nimeziingiza, mita imekubali, ndipo binamu akanionyesha balbu iliyokuwa ikiwaka juu ya kichwa changu muda wote.

Tulifungua kasha. Ngege alikuwa amevimba tumbo. Nilipovuta kifuniko, gundi ilivutika nacho kama mrenda, nyuzi ndefu za hudhurungi hadi kidoleni. Bati lenyewe lilikuwa moto kama kikaango. Bahati yangu, pawa saplai ile ilikuwa na kinga ya kujizima joto likizidi. Ilipumzika saa nzima, ikawaka tena bila kinyongo.

Nilirudi kwa mzee nikiwa nimeshika kifuniko kwa vidole viwili, kinywa kimejaa maneno yangu yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Ulisema ni ya kompyuta,” akanijibu. “Hukusema inapumua.”

Akachukua mkasi, akamtoa samaki duara zima, akafyeka na sponji, akapindia ukingo. Shilingi 50. Yule samaki alinirudishia bure. Nimembandika ubavuni mwa kasha, mbali na feni.

Wiki jana nilipita tena Kibuye. Kibao cha chaki kimeongezwa neno moja: VITI VYA PIKIPIKI, SOFA, TUKTUK, KOMPYUTA. Chini yake kijana mmoja ameketi kwenye benchi, laptopu mapajani, anasubiri zamu.